Kama Ni Mabaya, Usiniandikie

Rawtenstall, Lancashire
6 Juni 2010

Mdogo wangu Desmond,

Nakusalimu kwa upendo, mimi na Ronnie, na nyumba nzima. Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu, isipokuwa kifua cha Ronnie bado kinamsumbua. Daktari amemkataza kupanda kilima cha kanisani kwa miguu, basi amepata sababu nzuri ya kukosa ibada ya jioni, na anaitumia vizuri sana. Habari kubwa ni kwamba Joanne wa Stuart wetu ni mjamzito. Nitakuwa bibi. Nimeshaanza kufuma vitu vidogo vidogo vya manjano kwa sababu hawataki kujua kama ni wa kike au wa kiume, wanasema watangoja kama watu wa zamani.

Najua utacheka kwamba bado nakuandikia kwa kalamu, dada wa mtu aliyejenga michezo ya kompyuta, mpishi wa studio yenye kompyuta kila kona. Mimi na kompyuta tunaheshimiana kwa mbali. Tena Trevor, mwenzako mliyeanzisha naye studio, ameniambia barua pepe za kazini zinasomwa na wakubwa zenu huko. Hii haisomwi na mtu ila wewe.

Sasa nikuambie lililonikalisha mezani. Kantini imekuwa kimya. Zamani akiondoka mmoja pale studioni Ormerod na Schofield, Trevor alikuwa anamleta mwingine kabla kiti hakijapoa. Tangu Pasaka wameondoka kadhaa na viti viko wazi. Kisha mwezi uliopita walikuja wakubwa watatu kutoka kwenu, wa hiyo kampuni iliyonunua studio. Niliwapikia pai ya nyama na viazi, ile uliyokuwa ukiiba ikiwa bado jikoni. Hawakuigusa. Mmoja aliuliza mkataba wa jengo unaisha lini. Nilimsikia kwa masikio yangu nikimimina chai.

Nilipomsimulia Ronnie alisema, "Mtu akikataa pai yako, mke wangu, huyo ana jambo."

Nikamwambia, "Labda hali nyama."

"Basi angekula viazi."

Desmond, wewe unakaa ofisini kwao. Nakuuliza kama dada: mnatufunga? Mimi nikikosa kazi nitapika shuleni. Lakini Stuart ana mtoto njiani na hajui kazi nyingine isipokuwa kujenga barabara za michezo yenu, zisizokuwepo duniani. Niambie ukweli tu.

Mungu akulinde.
Dada yako,
Avril


San Diego, California
27 Juni 2010

Dada Avril,

Barua yako imenikuta salama, ila goti la kulia limeanza kunizeesha. Habari ya Joanne imenifanya nicheke peke yangu barazani. Mpe pongezi zangu na umwambie Stuart mtoto akirithi masikio yake, tutamsamehe. Hapa ni jua, na jirani ananiletea machungwa kwa kapu. Naenda kanisa dogo karibu na nyumbani. Wanaimba vizuri lakini hawajui kunyamaza. Mhubiri akisema "tuombe kimya" wanaanza kupiga gitaa.

Umeniuliza habari za studio. Nimekaa nayo barua yako wiki nzima, na kila nikishika kalamu nakumbuka mwanzo wake. Unakumbuka baba alivyotupa mimi na Trevor kile chumba cha shule ya Jumapili, kwa sababu kanisa lilishalipia joto? Sharti lake lilikuwa moja: Jumapili kompyuta ifunikwe kitambaa. Trevor hakuwa mtu wa dini lakini alikuwa anaifunika mwenyewe, tena kwa heshima, kama anafunika maiti.

Gari letu la kwanza lilikataa kukata kona ya kulia. Tulihangaika nalo majira ya baridi yote. Mwisho Trevor akasema, "Basi tujenge barabara yenye kona za kushoto tu, nani atajua?" Na hakuna aliyejua. Tulinakili mchezo kwenye kaseti, kama ilivyokuwa enzi zile, sebuleni kwa mama, redio tano zimeunganishwa kwa waya, na mama akitembea kwa ncha za vidole kwa sababu hakuamini kwamba kelele haziingii kwenye kaseti. Tuliziuza soko la Bury ndani ya mifuko ya sandwichi. Mtu mmoja wa Burnley alirudi kutuambia kwamba mchezo unamfanya aone kizunguzungu. Trevor akamwambia, "Huo ndio uhalisia, bwana. Hata Burnley kuna kizunguzungu."

Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Hata tulipopata fedha, hata tulipouza kampuni mwaka 2004 nikahamia huku na wewe ukakaa kimya kwenye chakula cha kuniaga, sikuwahi.

Msalimie Ronnie. Mwambie ajipake mafuta ya mkaratusi kifuani.

Mdogo wako,
Desmond


Rawtenstall
22 Agosti 2010

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwenye mvua. Ronnie anatumia mafuta uliyosema na chumba chote kinanuka kama dukani kwa mganga. Joanne anaendelea vizuri, kichefuchefu kimekwisha, sasa anataka siki kwenye kila kitu. Shangazi Edith amevunjika kiganja akicheza dansi ya wazee, na anajivunia.

Barua yako niliisoma kwa sauti, nikacheka mpaka machozi pale kwenye kona za kushoto. Kisha nikaisoma tena nikitafuta jibu langu, nikaigeuza na karatasi nione nyuma. Sikuliona.

Nisikilize sasa, maana mambo yamefika. Stuart amepewa nafasi ya kazi kwingine. Kuna kampuni Warwickshire inatengeneza mashine za kuwafundishia madereva wa treni: mtu anakaa kwenye kiti, anaona reli mbele yake, anajifunza bila kuua mtu. Wanataka mjuzi wa kujenga njia. Mshahara ni mzuri na kazi inaisha saa kumi na moja jioni. Mama yake Joanne anakaa hukohuko. Wamempa mpaka mwanzoni mwa Oktoba aseme ndiyo au hapana.

Joanne alikuja jikoni kwangu akafunga mlango. "Mama, mwambie akubali. Wewe anakusikiliza."

Nikamwita Stuart Jumapili baada ya chakula. Akasema, "Mama, siwezi kuondoka kabla gemu halijatoka."

"Kwa nini? Si watalimalizia wengine?"

"Jina langu litaondolewa."

Wewe unaijua desturi hii kuliko mimi, mlianzisha nyinyi wenyewe au mliikuta, sijui. Kwamba majina yanayopita mwishoni mwa mchezo ni ya wale waliokuwepo siku unapomalizwa. Ukiondoka wiki moja kabla, ni kama hukuwahi kukanyaga mle ndani. Ameniambia safari hii atakuwa mkuu wa barabara, jina lake liko peke yake kwenye mstari wake, na kwamba katika kazi yenu mtu asiye na jina mwishoni mwa mchezo haaminiki anachosema amefanya. Miaka minne, Desmond. Kila jiwe la milima ya Wales ameliweka yeye. Ronnie alimwambia, "Andika jina lako kwenye moja ya hayo mawe, uende zako Warwickshire." Stuart hakucheka.

Mimi nikamwambia anipe muda niombe. Lakini sikumwambia kwamba nitaomba kwa Mungu na kwako pia.

Najua umetia sahihi karatasi za siri. Trevor ameniambia nyinyi wakubwa mmefungwa midomo. Sitaki uvunje ahadi yako. Basi tufanye hivi: kama ni mabaya, usiniandikie. Hilo tu. Kaa kimya mpaka ibada ya mavuno, Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ipite, nami nitaelewa, na nitamwambia mwanangu aende. Kama ni mema, niandikie chochote, hata habari za goti. Mtu hawezi kukushtaki kwa kutomwandikia dada yako.

Nakuombea.
Avril


San Diego
19 Septemba 2010

Dada yangu Avril,

Natumaini mvua imepungua na Shangazi Edith amepunguza dansi. Mimi sijambo. Goti wamelipiga picha, wanasema ni uzee wa kawaida. Machungwa yamekwisha, sasa jirani analeta malimau ambayo sijui niyafanyie nini.

Nimekuwa nikifikiria mwaka ule tulipotoa mchezo wa mvua. Unakumbuka? Kila mtu alikuwa anatengeneza magari mekundu kwenye jua. Trevor akasema sisi hatujui jua, tutengeneze tunachokijua. Tukaenda Wales na gari la baba, tukamwagilia barabara kwa ndoo wakati mvua ilipokataa kunyesha, siku pekee katika historia ya Wales. Mkulima akatoka akauliza, "Mnafanya nini, nyie?" Trevor akamjibu, "Tunamwagilia lami, mzee, imekauka." Yule mzee akatazama, akasema, "Haitaota," akarudi ndani.

Mchezo ule ndio uliotutoa chumba cha kanisa ukatupeleka kwenye kile kiwanda cha zamani cha slipa, viatu vya ndani. Mwanzoni ghorofa ile yote ilikuwa na harufu ya gundi na sufu. Wewe ulikuja kutupikia kwa wiki moja tu, ukasema, mpaka tupate mtu.

Trevor amenitumia barabara za Stuart. Nilizima taa za ofisi nikaendesha polepole, sikushindana na mtu. Kuna kona moja yenye ukuta wa mawe na geti limefungwa kwa kamba, na maji yanapita chini ya geti. Nilisimamisha gari pale nikatazama tu. Katika miaka yote ya kazi hii sijaona kitu kizuri hivyo. Mwambie nimesema.

Nawapenda nyote.
Desmond


Rawtenstall
3 Oktoba 2010

Mdogo wangu,

Bwana ni mwema! Barua yako iliingia Jumatatu asubuhi. Nilipoona mwandiko wako kwenye bahasha niliketi pale pale ngazini na vazi langu la kulalia, nikashukuru kabla sijaifungua. Ronnie aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, na hakuna atakayekufa.

Leo ndiyo ibada ya mavuno. Kanisa limejaa maboga na makopo ya maharage, na nimeimba mpaka mhubiri akanitazama. Nilimwambia Stuart abaki, nikamwambia na ulichosema kuhusu ile kona. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Akaifunga mara mbili, akafungua, akafunga tena. Akasema, "Mjomba amesema hivyo?" Kisha akatoka nje.

Jumanne aliwapigia watu wa treni akawaambia hapana. Joanne alilia kidogo, lakini nimemwambia asiwe na wasiwasi, yuko kwenye mikono mizuri.

Asante, Desmond. Sitasema zaidi, maana hata asante isije ikakuletea shida.

Dada yako mwenye furaha,
Avril


Rawtenstall
12 Desemba 2010

Mdogo wangu Desmond,

Salamu za Majilio. Theluji imetufungia, mabasi hayapandi, na maziwa yameganda mlangoni. Joanne ni mkubwa kama nyumba. Shangazi Edith ametolewa plasta.

Sijapata barua yako tangu ile ya Septemba. Nimeandika kadi ya siku yako ya kuzaliwa, na nyingine baada ya hapo, labda zimepotea. Najisemea posta, najisemea theluji, ingawa huko kwenu hakuna theluji.

Hapa wanafanya kazi kama watu waliochomewa nyumba. Mchezo unakaribia kumalizika. Wengine wanalala chini ya meza, nami nabaki na mchuzi jikoni mpaka usiku kwa sababu hakuna mwenye moyo wa kwenda nyumbani kula. Stuart amekonda. Jina la mwanangu nimeliona, Desmond! Trevor aliniita akanionyesha yale majina yakipita, na pale likapita, peke yake, STUART HINDLE. Nilitaka lirudi. Trevor akalirudisha mara tatu. Yeye mwenyewe alikuwa anatazama ukutani.

Wiki iliyopita walikuja vijana wawili na bunduki ndogo ya kupiga bei kama ya dukani, wakabandika vikaratasi vyenye namba kwenye viti vyote, na meza, na kompyuta. Wakaja jikoni wakabandika kwenye jiko langu. Nikamuuliza mmoja, "Mwanangu, hiki cha nini?"

Akasema, "Hesabu ya mali tu, mama. Kila kampuni inafanya."

"Miaka kumi na mitatu hawajawahi kuhesabu jiko."

Akaangalia chini akasema, "Samahani, mama." Kwa nini mtu aombe samahani kwa hesabu ya kawaida?

Niandikie, ndugu yangu. Sasa hivi si wakati wa kunyamaza. Ulikuwepo wakati wa kunyamaza, ukaandika.

Avril


Rawtenstall
23 Januari 2011

Desmond,

Hatujambo kiafya. Joanne bado hajajifungua.

Utakuwa umeshajua, lakini nakuandikia kwa kuwa sitaki ulijue kwa karatasi za ofisi peke yake. Jumatano walituita wote kwenye ukumbi wa chini, hata mimi na aproni yangu. Alikuja mwanamke mmoja kutoka kwenu, mpole, amevaa koti jembamba, anatetemeka kwa baridi. Akasoma kwenye karatasi. Kwamba kampuni imeangalia upya mipango yake. Kwamba studio itafungwa mwisho wa mwezi. Mtu mmoja akauliza, "Na gemu?" Akasema mchezo hautatolewa. Michezo ya magari siku hizi haiuziki, akasema, au maneno ya namna hiyo. Yule mtu akauliza tena, "Lakini umekwisha. Tumeumaliza Ijumaa." Akasema anajua, na anawapongeza.

Nilimtafuta Stuart kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na redieta ya kupashia joto. Wenzake walikuwa wanatukana, mmoja akapiga kiti teke, yeye anatazama tu yule mwanamke kama mtu anayengoja amalize sentensi.

Trevor alinifuata jikoni. Alikuwa analia, mzee mzima. Nikampa chai. Nikamuuliza, "Ulijua lini?"

"Novemba, Avril. Kweli sikujua kabla ya hapo, nakuapia kwa mama yangu. Nilidhani wakiuona umekwisha watabadili nia."

"Na Desmond?"

Akakoroga ile chai mpaka ikapoa. "Muulize mwenyewe," akasema.

Basi nakuuliza. Stuart amepiga simu Warwickshire, wamemwambia kwa upole kwamba nafasi ilishachukuliwa. Wamemuuliza ana mchezo gani wenye jina lake kama mkuu wa barabara, akasema hauko madukani. Wakasema watamkumbuka.

Ulijua, Desmond? Barua yangu ya Agosti ilikufika?

Avril


San Diego
6 Februari 2011

Dada Avril,

Nimesikia kwa Trevor kwamba mtoto amezaliwa, wa kike, na kwamba Joanne hajambo. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Barua yako ilinifika. Ilinifika mapema kabisa. Na nilijua. Uamuzi ulifanywa Julai katika chumba nilichokuwemo. Nilipinga, lakini nilikuwa mmoja kati ya tisa, na walinisikiliza kwa adabu. Kisha tukaambiwa tuahidi mbele ya kila mtu kwamba hatutasema, wala kuandika, wala kuonyesha kwa njia yoyote. Nilitoa ahadi. Nilisema ndiyo kwa mdomo wangu.

Kisha ikaja barua yako. Nilikaa nayo siku nyingi. Uliniomba ninyamaze, na kunyamaza kwangu kungekuwa kusema. Ungekuwa umeshanifundisha njia ya kuvunja neno langu huku nikijidanganya sijalivunja. Baba alituambia nini kuhusu mtu ambaye ndiyo yake si ndiyo? Nikasema nitaandika kama ninavyoandika siku zote, sitasema jema wala baya, na Mungu ataongoza. Sikuandika hata neno moja la uongo, Avril. Rudia barua ile uone. Ile kona ilikuwa nzuri kama nilivyosema.

Nilikuwa na tumaini pia, sitakuficha. Nilidhani wakuu wataiona kazi na mioyo itageuka. Oktoba, barua yako ya furaha ilipofika, nilijua nimefanya nini, na tangu siku ile sikuweza kushika kalamu.

Nimewaomba wanipe nakala ya mchezo kwa ajili ya Stuart, aonyeshe watu jina lake. Wamekataa, ni mali ya kampuni. Nitaomba tena. Nimewaandikia pia marafiki wawili wenye studio kusini. Hawana nafasi.

Mlisema zamani kwamba mimi ndiye nitakayemsimamia mtoto siku ya ubatizo. Nataka kuja. Niambieni siku, nitapanda ndege.

Nisamehe, dada yangu.
Desmond


Rawtenstall
3 Aprili 2011

Mdogo wangu Desmond,

Salamu za Kwaresima. Ronnie anaendelea, amepunguza kukohoa. Shangazi Edith amelala mauti Machi katika usingizi, tulimzika karibu na mama, mvua ilinyesha kidogo tu. Utaona jina lake kwenye gazeti la kanisa nitakalokutumia.

Mtoto anaitwa Ruth. Ana masikio ya Stuart. Alibatizwa Jumapili iliyopita. Nilitaka nikuandikie siku, nikaichukua kalamu, na Stuart akasema, "Mama, acha." Alisimamia Trevor. Hajui kushika mtoto na hajui sala, alijibu "ndiyo" mahali pa kujibu "kwa msaada wa Mungu," lakini alivaa suti na alifika mapema.

Stuart yuko kwenye ghala la biskuti Heywood, zamu ya usiku, anaendesha gari la kunyanyulia mizigo. Wanamsifu, anakata kona bila kugusa kitu. Kompyuta yake ameiuza. Joanne alikwenda kwa mama yake Warwickshire na Ruth baada ya ubatizo, apumzike, alisema. Stuart alisema atawafuata akipata kazi kule. Hawajagombana. Walikunja nguo za mtoto pamoja, wakabebeana mizigo mpaka kituoni, wakapungiana. Ningefurahi wangegombana.

Nimeirudia barua yako ya Septemba kama ulivyosema. Ni kweli, hakuna uongo ndani yake. Nimeisoma na Ronnie pia. Akasema, "Ni barua safi." Kisha akaenda bustanini, na mvua inanyesha.

Umeandika juu ya baba. Mimi pia nilikuwa mtoto wake, nilikaa benchi lile lile. Nami nilifundishwa hivyo hivyo. Sijui ningefanya nini ningekuwa mahali pako katika wale watu tisa, sitajifanya najua. Lakini ukikaa kule barazani ukifikiri umelitunza neno lako, fikiri pia ni nani aliyelipa ili litunzwe. Wewe bado una kazi.

Wiki yake ya kwanza ghalani nilimwambia Stuart kila kitu. Mpango wetu wa barua, na kwamba ni mimi niliyemwambia abaki kwa sababu mwandiko wako ulikuwa kwenye bahasha. Nilidhani atanikasirikia, na nilitaka anikasirikie. Alikuwa anafungua buti za kazini. Akasema, "Mama, hata ungeniambia niende, ningebaki. Nilikuwa nangoja tu mtu aniambie nisiende." Sijui kama ni kweli au ananihurumia. Simuulizi. Analala mchana, na mimi natembea kwa ncha za vidole.

Jengo limechukuliwa na watu wa mazulia. Trevor alipita akaona wametupa nje vibao vya milangoni, akachukua cha kwenu wawili, ORMEROD NA SCHOFIELD, akakiweka gereji kwake uso ukielekea ukutani. Aliniuliza kama unakitaka. Nimemwambia akuulize mwenyewe.

Ukitaka kuja Pasaka, njoo. Kitanda kipo na pai ipo. Stuart atakuwa kazini usiku na amelala mchana, kwa hiyo sidhani mtaonana, lakini njoo.

Mimi nakuombea kila jioni, usifikiri nimeacha. Naanza na Ronnie, nashuka kwa Stuart, Joanne, Ruth, kisha wewe, kisha wagonjwa wa kanisani. Sijawahi kuruka mtu. Jana nilifika kwenye jina lako, nikalitaja, nikangoja maneno ya kufuata baada yake. Nilingoja sana, Desmond. Kisha nikaendelea na wagonjwa.

Dada yako,
Avril